Wifi anataka kumpa mwanawe jina la binti yangu, wanasema jina "halijatumika"

binti_mlimani (mleta uzi)

Wakuu salaam. Naomba mnisaidie mawazo. Humu kuna wazazi, kuna manesi na kuna watu wa dini, na nyumbani kila ninayemuuliza ananiambia niyaache.

Oktoba mwaka jana nilijifungua mtoto wa kike, mimba imetimia, akiwa ameshafariki tumboni. Nilimwona hachezi kama kawaida, jirani akaniambia mtoto akikaribia kutoka hutulia. Ndivyo tunavyoambiana wote. Asubuhi kliniki wakatafuta mapigo kwa kile kipembe chao, akaja nesi wa pili, akaja wa tatu, nikapelekwa ultrasaundi. Dokta akageuza kioo upande wake. Mliopitia mnajua. Nikaanzishiwa uchungu, nikajifungua usiku kwa njia ya kawaida, na kwenye kitanda cha pili mtoto wa mwenzangu analia.

Nesi mmoja mtu mzima akaniuliza, "Mama, unataka kumwona?" Shangazi wa mume wangu aliyekuwa mlangoni akasema nisioneshwe, nitaota vibaya na kizazi kitafunga. Nikasema nileteeni. Yule nesi akamfuta, akamvika, akamfunga kwenye kitenge nilichokuwa nimekuja nacho kwa ajili yake. Alikuwa na nywele nyingi, na ukucha wa kidole gumba umekuwa mrefu. Kisha nesi akachukua kidau cha wino wa mhuri pale mezani kwao, akamgusisha nyayo, akazigandamiza kwenye karatasi nyeupe. Wa kushoto ulitoka vizuri, wa kulia ulivurugika kidogo kisiginoni. Karatasi ninayo kwenye bahasha, pamoja na kadi ya kliniki.

Tukampa jina Nakijwa, jina la mama mkwe wangu, maana kwao binti wa kwanza wa kijana huchukua jina la bibi mzaa baba. Mume wangu na baba yake mdogo wakaenda kumzika siku hiyohiyo, mimi bado niko wodini. Msiba haukuwepo. Turubai hakuna, daftari la rambirambi hakuna, watu walikuja mmojammoja kama wanaokuja kuazima chumvi. Mama mkwe peke yake ndiye aliyekuja na begi, akanikanda maji ya moto, akanipikia uji wa pilipili manga na supu ya kuku, akanikalisha ndani kama mzazi yeyote. Kazini nako bosi alinirudisha haraka, akasema likizo ile ni ya kunyonyesha na mimi sina wa kumnyonyesha.

Sasa wifi yangu ni mjamzito, kipimo kimesema ni wa kike. Kikao cha Pasaka, shangazi akatamka mbele ya ukoo mzima: "Huyu ndiye atakuwa Nakijwa. Jina la wifi yangu bado halijatumika." Hakuna aliyeinua uso. Mume wangu aliendelea kula. Mimi nikatoka uani nikaosha vyombo vilivyokuwa vimeshaoshwa.

Nauliza mawili. Je, nikikataa nitakuwa nina roho mbaya? Na la pili, kibao cha mbao kaburini maandishi yameanza kufutika, nataka tulijengee kabla mwaka haujatimia. Mume wangu anasema tusichokonoe.

Kiroboto_Mstaarabu

Pole sana dada. Ila kwa maoni yangu jina ni jina tu, mwachie wifi yako amani iwepo. Wewe bado kijana, Mungu atakupa mwingine.

MamaPili

Kiroboto, najua umesema kwa nia njema, lakini hiyo "Mungu atakupa mwingine" iachieni makaburini kwa watu msiowajua. Mimi Mungu alinipa wengine. Wawili, wapo hapa wananivurugia sebule. Yule wa kwanza hakurudi kupitia kwao. Mtu akifiwa na mume hatumwambii msibani "utaolewa tu".

Binti, huna roho mbaya. Wamekuambia mbele ya watu kwamba mwanao hakuwahi kuwepo, halafu wanataka ucheke.

Chuma_Cha_Pua

[Bandiko limeondolewa na wasimamizi]

MamaPili

Asanteni wasimamizi. Kwa waliokosa kuona: alikuwa anaeleza kwamba mtoto hufia tumboni mume akichepuka. Basi Dar nzima pasingezaliwa mtu.

zamu_ya_usiku

Dada, mimi ni mkunga, niko wodi ya wazazi mkoa mmoja wa kusini. Nitaandika kirefu, mnivumilie, nimetoka zamu na usingizi umekataa.

Nianze na hilo la "halijatumika". Chukua kadi yako ya kliniki. Siku ukibeba mimba nyingine nesi atakuuliza ni mimba ya ngapi, umezaa mara ngapi, watoto walio hai wangapi. Pale kwenye "umezaa mara ngapi" Nakijwa anahesabiwa. Kwetu sisi mtoto aliyefikisha wiki 28, awe hai awe mfu, huo ni uzazi. Chini ya hapo ndiyo tunasema mimba imeharibika. Na kwenye rejista ya leba yupo: saa aliyozaliwa, jinsi yake, uzito wake. Kwa hiyo shangazi mwambie serikali ilishamhesabu kabla ya kikao cha Pasaka.

La pili, nawaandikia wote wanaosoma kimyakimya, maana najua mpo. Kwenye faili mtakuta tumeandika FSB au MSB. Ya kwanza ni mtoto aliyefariki muda si mrefu kabla ya kutoka, mara nyingi uchungu umeshaanza. Ya pili ni aliyefariki akakaa tumboni kwa muda, ngozi ikaanza kubanduka. Nasema hili kwa sababu ndugu wakiona ile ngozi huanza maneno: mtoto kaunguzwa, mtoto kachezewa, nyumbani kuna mkono wa mtu. Hajachezewa. Ngozi ya mtoto aliyefariki ikikaa kwenye maji ya uzazi ndivyo inavyokuwa.

Sababu ni nyingi. Presha na kifafa cha mimba, kondo la nyuma kuachia kabla ya wakati, kisukari, malaria, kaswende isiyotibiwa, uchungu pingamizi. Na wengi tu hatupati sababu, hata hospitali kubwa zenye kila kipimo hukosa. Umoja wa Mataifa unakadiria watoto milioni 1.9 hivi kwa mwaka duniani huzaliwa wafu kuanzia wiki 28, na zaidi ya asilimia 40 yao huwa walikuwa hai uchungu ulipoanza. Hao wa mwisho ndio wanaoninyima usingizi mimi, kwa sababu wengi wao tungewapata. Hapo usitafute mchawi. Tafuta gari la wagonjwa lisilo na mafuta, benki ya damu iliyo tupu, na mama aliyekaa nyumbani akisubiri ruhusa ya mtu mwenye hela.

Hilo la mtoto kutulia akikaribia kutoka naomba life kabisa. Nafasi ikiwa ndogo anabadilisha namna ya kucheza, badala ya mateke unahisi kama anajivuta. Kuacha kucheza haachi. Ukiona amepungua nenda siku hiyohiyo, hata saa nane za usiku, na ukiambiwa "rudi kesho" ng'ang'ania wakusikilizie mapigo. Kwako binti sisemi kwa lawama. Wakati mwingine mama anapoanza kuona kimya, mtoto ameshaondoka.

Na yule nesi wa wino wa mhuri, popote alipo, Mungu ampe maisha marefu. Hakufundishwa chuoni, nawahakikishia.

Dada_Kipusa

Samahani kuingilia uzi. Mdogo wangu amejifungua juzi, mtoto alifariki. Leo maziwa yamekuja, yanamwagika, analia kuliko jana. Mama anataka kumbana kifua kwa kanga. Nesi zamu_ya_usiku upo?

zamu_ya_usiku

Nipo. Usimbane kwa kanga, ikikaza sana maziwa yanaganda, anapata uvimbe na homa. Avae sidiria inayomshika vizuri, mchana na usiku. Kitambaa cha maji baridi juu ya titi, dakika chache kila akiumia. Panadol inafaa. Yakimjaa hadi titi linakuwa gumu, akamue kidogo tu, apate nafuu na aache hapohapo, maana akikamua yote mwili unatengeneza mengine. Maji ya moto kwenye matiti asitumie. Kuna vidonge vya kukausha maziwa, lakini mwenye presha havimfai, kwa hiyo ni mpaka daktari amwone. Homa ikipanda, titi likawa jekundu, au uchafu unaotoka ukanuka, hospitali leo hii.

Na mwambieni mapema kwamba hilo ni jambo la kawaida, asidhani ni kitu cha ajabu. Wengi tunawaruhusu nyumbani bila kuwaambia maziwa yatakuja, halafu yanamkuta peke yake chumbani siku ya tatu.

Dada_Kipusa

Asante sana. Nimemsomea yote. Ameuliza kama yule dada wa Nakijwa na yeye yalimjia.

binti_mlimani (mleta uzi)

Mwambie yalinijia. Mwambie mama mkwe aliniwekea kitambaa cha baridi na kuninyamazia, hakusema neno hata moja, na ndiyo siku niliyompenda.

Mwana_Ngamiani

Assalaam alaykum. Dada sijui dini yako, nitakupa ya kwetu huku Tanga, huenda ikamfaa na mwingine. Sisi ni Mashafii, wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafi. Mtoto aliyetimiza miezi minne tumboni, akizaliwa bila dalili yoyote ya uhai, anaoshwa, anakafiniwa na anazikwa na Waislamu. Kwenye kumswalia ndipo wanazuoni walipotofautiana: Mashafii wengi hawamswalii, Mahanbali, madhehebu mengine ya Kisunni, wanamswalia. Jina anapewa, hata kama hakulia, na katika madhehebu yetu hilo linapendekezwa. Mama naye damu yake ni nifasi, hukumu zake ni zilezile za mzazi, haswali wala hafungi mpaka itakate. Sasa huyo shangazi akija kwetu atuambie mwenye nifasi amezaa nini kama hakuzaa mtu.

Kuna riwaya kwamba mtoto huyo humvuta mama yake kwa kitovu chake mpaka peponi, mama akisubiri kwa kutaraji malipo. Wapo waliosema sanadi yake, yaani mlolongo wa waliolipokea, ina udhaifu, kwa hiyo siitolei mihadhara. Ila mke wangu anaishika.

katekista_mstaafu

Kwa upande wa Wakatoliki: watu bado wanatishana kwamba mtoto asiyebatizwa yuko kizani. Kanisa halikuwahi kulifanya hilo kuwa fundisho la lazima. Katekisimu inasema watoto hao tunawakabidhi kwenye huruma ya Mungu, na mwaka 2007 tume ya wanateolojia ya Vatikani ikatoa waraka kuhusu tumaini la wokovu wao. Sheria za Kanisa zinamruhusu askofu kukubali mazishi ya kikanisa kwa mtoto ambaye wazazi walikusudia kumbatiza. Kwa hiyo paroko akikuambia haiwezekani, mwambie kwa heshima aulize jimboni.

wa_Limuru

Poleni sana kutoka Kenya. Mimi nitasema tofauti kidogo na MamaPili, msinirukie. Kwetu majina ni ya nyanya na babu. Nyanya yangu ana wajukuu wa kike tisa wanaobeba jina lake, kila mwanawe amemtaja. Jina halina mwenyewe. Ungekuwa kwetu, wifi angemtaja mama yake na hakuna ambaye angeshangaa, na Nakijwa wako angebaki Nakijwa.

Lakini nimesoma bandiko lako mara mbili, na naona hugombani na wifi juu ya jina. Unagomba na lile neno walilolitumia. Hayo ni mambo mawili, na ukienda kuongea nao uyatenge.

Halafu hili la kusema hakuzaliwa: sheria yetu ya usajili wa vizazi na vifo, Sura 149, inaposema "kizazi" inahesabu mtoto yeyote anayetoka kwa mamake baada ya wiki ya 28, akiwa hai ama akiwa mfu. Nililipata wakati tulikuwa tunafuata kibali cha kuzika. Mzee wangu alikuwa ameshauri tuache hospitali "ishughulike". Tukakataa. Nairobi kuna Still A Mum, wanakutanisha akina mama waliopoteza watoto, na akina baba pia. Huko ndiko nilijua kuhusu tarehe 15 Oktoba, siku watu duniani wanawasha mshumaa saa moja usiku kwa ajili ya watoto hawa. Mume wangu alisema ni mambo ya wazungu. Mwaka wa pili aliwasha yeye.

Afisa_Utumishi

Nadonoa hapa kwenye likizo tu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 33, inatoa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo. Ni ya uzazi. Muda wa kunyonyesha unatajwa peke yake, kama saa ndani ya siku ya kazi. Na kifungu hichohicho kinakataza mwanamke kufanya kazi ndani ya wiki sita baada ya kujifungua, isipokuwa daktari athibitishe kwamba ni salama. Sheria haimwachii bosi kupima huzuni ya mtu. Wanaoandaa barua, ambatanisheni cheti cha hospitali kinachosema "amejifungua". Msikubali kiandikwe "alilazwa".

Leicester_Mnyamwezi

Huku Uingereza nilijifungua mfu wiki ya 37. Wana kitanda chenye ubaridi, mtoto anakaa na wewe chumbani siku nzima, hata mbili, ndugu wanakuja wanamshika. Wanamsajili kisheria kuanzia wiki ya 24, na tangu Aprili 2020 wazazi wote wawili wana wiki mbili za likizo ya kufiwa, mbali na ile ya uzazi. Sisemi kwa kujidai. Nilikuwa na kila kitu hicho na nilikuwa sina mtu wa kunikanda maji ya moto. Mama yangu alinisindikiza kwa simu ya video usiku kucha mpaka bando likaisha. Binti, mama mkwe wako ni mali.

Baba_Imani

Nasoma uzi huu tangu juzi, leo naandika.

Mimi nilipewa mwanangu kwenye boksi la dripu. Alikuwa amefungwa vizuri, sina lawama na walionipa, hawakuwa na kingine. Gari sina, nikachukua bajaji. Dereva akauliza mzigo gani, nikamwambia vitu vya mgonjwa. Kutoka hospitali hadi nyumbani, kila tuta nililinyanyua boksi juu lisigonge. Najua hakuwa anasikia. Nililinyanyua tu.

Nyumbani wazee wakasema azikwe haraka kabla mama yake hajaruhusiwa. Jioni nikarudi wodini na suruali ina udongo, mke wangu akaangalia suruali, hakuuliza. Kazini wakaniuliza mama yuko salama? Nikasema yuko salama. "Basi shukuru." Yakaishia hapo. Wiki iliyofuata tukachangishana kwa ajili ya mtu aliyefiwa na mjomba.

Dada, mumeo aliendelea kula. Usimhukumu kwa ile sahani. Yeye ndiye aliyemshusha mwanenu. Kuna mambo anayajua ya siku ile ambayo hajakuambia, na wewe una ya leba ambayo hujamwambia. Muulize. Ila usimkalishe sebuleni mkatazamana kama polisi. Muulize mkiwa mnatembea.

MamaPili

Baba Imani 🙏🏾 Pole sana, kwa niaba ya wote ambao hawakukuambia.

Kiroboto_Mstaarabu

Nimesoma yote. Dada binti_mlimani, pole tena.

Mzee_wa_Hedaru

Mimi ni mtu wa huko kwa kina mume wako, na ni mzee. Zamani mtoto asiyelia alizikwa na akina mama wazee, pembeni ya nyumba, wanaume hawasogei. Mama yake akikatazwa kulia. Watu hawakuwa na roho mbaya. Watoto walikufa wengi, wakaogopa mama akilia kila mmoja atakwisha. Shangazi amelelewa humo, na inawezekana kabisa na yeye anaye wake hajawahi kumtaja. Hiyo haimpi haki ya kusema alichosema mezani. Lakini usiende kwake na sheria na kadi ya kliniki. Nenda kwa mwenye jina. Yupo hai, anakupenda, na hakuna kikao kinachomshinda mwenye jina.

binti_mlimani (mleta uzi)

Mzee wangu shikamoo. Hilo sikuwa nimeliwaza kabisa. Nitarudi na mrejesho.

Kiroboto_Mstaarabu

Mrejesho jamani, mwezi wa pili huu.

binti_mlimani (mleta uzi) – MREJESHO

Wakuu, samahani kwa kukaa kimya.

Nilianza na mume wangu, kama alivyosema Baba Imani. Tulikuwa tunarudi kanisani kwa miguu, nikamuuliza siku ile ilikuwaje. Alitembea kipande kirefu bila kujibu, nikadhani ndiyo basi. Halafu akasema baba mdogo alitaka wafukie waondoke, mchungaji hakuwepo, mchimbaji amesimama anasubiri hela yake. Yeye akasema hapana, lazima tuombe. Akaanza Baba Yetu. Alipofika kwenye mkate wetu wa kila siku akasahau kinachofuata. Mtu mzima, mwanakwaya. Akarudia mwanzo, akasahau palepale. Mchimbaji ndiye aliyemalizia. Tangu siku hiyo, ameniambia, kanisani wakifika kwenye mkate huwa anafunga mdomo. Nimekaa naye benchi moja muda wote huo sijawahi kugundua.

Na mimi nikamwonesha karatasi ya nyayo. Alijua ipo, hakuwahi kuomba kuiona. Aliishika kwa pembeni kama picha ambayo haijakauka, akaniuliza huu wa kulia kwa nini umevurugika. Nikamwambia nesi aliteleza. Akasema hapana, huyu atakuwa alirusha teke. Tukacheka, kisha mambo yakawa mengine.

Kwa mama mkwe tulikwenda wote wawili. Sikufika na hoja yoyote. Nilimwambia tu alichosema shangazi, maana siku ile ya Pasaka yeye alikuwa jikoni, hakusikia. Alinyamaza, akamaliza kuchambua mchele wake. Akasema: "Jina ni langu. Nilishampa mjukuu wangu, nikamkanda na mama yake. Akija mwingine nitampa pia, sina choyo, lakini huyo atakuwa wa pili, na ataambiwa ni wa pili." Jioni akampigia shangazi. Sitaandika walichoambiana, nitafungiwa akaunti. Wifi alikuja mwenyewe baadaye, akasema alikuwa anaogopa kulitaja jina mbele yangu, ndiyo maana alimwachia shangazi amsemee. Hatujarudi kuwa kama zamani. Ila tunapigiana simu.

Na sasa sikilizeni. Wifi amejifungua salama wiki iliyopita. Mtoto wa KIUME. Kilo tatu na nusu. Ultrasaundi ilitudanganya ukoo mzima. Anaitwa jina la babu, na shangazi amesafiri kurudi kwake mapema.

Nilimbeba. Mikono ilitetemeka kidogo, nikampa mama yake.

Bado kaburi. Mume wangu amekubali, na yeye ndiye anayesumbua sasa. Fundi tuliyempata ametuuliza tarehe ya kuzaliwa na tarehe ya kufa, tukamwambia ni moja, akasema kwake bei ni ya tarehe mbili hata hivyo. Tunataka kitu kidogo, terazo na jiwe lenye jina. Kuna mtu anajua fundi mwaminifu maeneo ya Mbagala?

MamaPili

Kilo tatu na nusu mwanamume!! Nimecheka hadi watoto wamekuja kuangalia. Hongera kwa wifi, na wewe pole na hongera.

zamu_ya_usiku

Nimefurahi. Siku mkiwa tayari kwa mimba nyingine anza kliniki mapema, mwambie nesi wa kwanza kabisa kilichotokea, usisubiri aulize. Presha ipimwe kila hudhurio, kaswende na sukari visikosekane, na ujifungulie mahali penye chumba cha upasuaji.

Dada_Kipusa

Mdogo wangu anawasalimia. Wa kwake waliamua kumwita Tumaini.

Baba_Imani

Fundi yupo, amenijengea. Hapandishi bei akijua ni mtoto. Msiweke tailizi, ardhi ya Mbagala ni mchanga, ikizama kidogo tu zinapasuka, terazo mliyochagua ni sahihi. Mwambieni aweke mkanda wa zege chini kwanza. Na afanye sasa kabla vuli haijaanza, mkisubiri Oktoba mtagombana naye na mvua. Namba yake nimekutumia PM.